Punda wa Naishorua

Hamisa alisema "Baba Pandu", watu wakasikia "punda". Ndivyo mambo yalivyoharibika.

Alikuwa amelazwa juu ya meza ya hospitali ya misheni, taya limevunjika, mdomo umejaa damu, ulimi umekatwa na meno yake mwenyewe. Nesi Evarista alimwinamia akamwuliza kwa upole, "Mama, nani amekufanya hivi?" Mwanamke mwingine angetaja jina yakaisha. Lakini Hamisa alifundishwa kwao Kondoa kwamba mke hatamki jina la mumewe hata nyumba ikiungua. Mume huitwa kwa jina la mtoto. Mtoto wao aliitwa Pandu, jina la babu yake aliyetoka Pemba, na Karatu nzima hakukuwa na Pandu mwingine. Evarista alikuwa Mwiraqw wa Ganako. Jina hilo hakuwahi kulisikia tangu azaliwe. Punda aliwajua vizuri, kwa sababu kwao walikuwa wakiwafuga.

"Amepigwa teke na punda," alimwambia daktari Mzungu.

Hamidi, ambaye ndiye huyo Baba Pandu, alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, akisubiri kuona dunia itamwangukia upande gani. Alilisikia neno likipita, akalidaka. "Ndiyo, daktari," akasema. "Ni punda wa yule mama wa Kimasai anayetuletea maziwa. Alikuwa amefungwa uani kwangu."

Hamisa akatikisa kichwa mpaka damu ikaruka kwenye shuka. Evarista akasema hofu ya mnyama haijamtoka. Hamisa akainua mkono akamnyooshea mumewe kidole, macho yamemtoka. "Anakuita, baba," Evarista akasema. "Sogea umshike." Na Hamidi akasogea, akamshika. Alimshika kwa mkono uleule. Hamisa aliingia usingizi wa dawa akiwa na hasira ambayo hakuwahi kuijua, mkono wake umelala ndani ya mkono wa mtu aliyemvunja, na watu wote chumbani wakimwona ni mume mwema.

* * *

Mwaka ule wa sitini na moja mvua zilikuwa zimegoma. Ng'ombe walikuwa wakifa njiani kutoka Ngorongoro, na wanawake wa Kimasai walioshuka Karatu na vibuyu vya maziwa sasa walishuka na vibuyu nusu, kisha robo. Naishorua alishuka siku moja hana kitu kabisa. Alikuwa na punda wake, magunia mawili matupu, na aibu. Hamisa alimpimia unga wa posho dukani kwao akamwambia atalipa kwa maziwa majani yakiota. Naishorua akamfunga punda uani, akaenda kutafuta kamba ya kufungia mzigo.

Hamidi aliingia akaona mizani bado inacheza na sanduku la fedha halijafunguliwa. Hakuuliza mara mbili. Alichukua jiwe la mizani, lile la ratili mbili, akampiga nalo mkewe shavuni kama mtu anayepigilia msumari. Naishorua aliporudi na kamba yake alimkuta mwenziwe chini uani, punda ameshtuka anazunguka kwenye kigingi, na Hamidi akipiga kelele watu waje. Naishorua mwenyewe aliposikia baadaye kwamba ni punda, aliamini. Angeaminije vinginevyo? Alilia njia nzima ya kurudi kwao.

Daktari alifanya operesheni, akayaunganisha mataya, akayafunga meno ya juu na ya chini kwa waya ili mfupa ushike. Hamisa alipozinduka alikuwa na uso usio wake. Mashavu yalikuwa yamejaa hadi yakaziba macho, shingo haikuonekana ilipoanzia, na midomo ilikuwa imevimba ikageukia nje, haikutani. Uji na maziwa alivinyonya kwa mpira mwembamba uliopitishwa kwenye pengo la jino. Alipojaribu kusema, ilitoka sauti ya maji yanayochemka. Kuandika hakujua; madrasa alifika, shule hakufika.

Kwa hiyo alilala hapo akasikiliza. Alimsikia Hamidi akiwaeleza wageni habari ya teke, kila siku akiliongezea: mara punda alikuwa ameanza kichaa, mara aliwahi kumuuma mtu kijiji cha Baray. Alimsikia akisema amekwisha kumshtaki Naishorua kwa Jumbe Margwe, kwamba anadai mtamba mmoja wa ng'ombe kama fidia, na kwamba punda ameshikiliwa barazani hadi shauri likatwe. Wageni walisema haki yake. Mtamba mmoja, katika mwaka ambao watu walikuwa wakichuna ngozi za ng'ombe waliokufa. Na punda ndiye aliyekuwa akibeba maji ya boma zima kutoka chemchemi iliyo mbali.

Hamisa alizisaga hasira hizo kooni, maana meno yalikuwa yamefungwa.

* * *

Mama mkwe wake, Bi Mwanamisi, alikuja kumwuguza. Mwanamke huyu alikuwa na jina mjini. Mzazi yeyote wa Kiislamu aliyejifungua Karatu alipitia mikononi mwake, akakandwa kwa maji ya moto na majani ya mbaazi mpaka akaona nyota, na baada ya siku arobaini akatoka mwepesi. Alipouona uso wa mkwewe alikunja kanga, akauliza maji ya moto yako wapi.

Evarista alimzuia. Akamweleza kwamba uvimbe ule ni maji ya mwili yaliyopotewa na njia baada ya kisu, na njia yake ya kutokea iko shingoni. Daktari sasa ameruhusu yaelekezwe kwa mkono, na namna yake alifundishwa na sista mmoja aliyejifunza Ulaya. Akaweka vidole vilivyolala juu ya mtulinga wa Hamisa, mfupa ule wa chini ya shingo, akaisogeza ngozi kidogo, akaiachia. Akarudia. Kisha akapanda ubavuni mwa shingo, akishuka nayo taratibu. Kisha nyuma ya sikio. Mwisho kabisa ndipo akaligusa shavu, akilivuta kuelekea sikioni na kulishusha. Hakutumia mafuta wala hakukandamiza.

Bi Mwanamisi alitazama, akacheka. "Huko ndiko kukanda? Huko ni kumpangusa mtu vumbi."

"Basi mpanguse vumbi, mama," Evarista akasema. "Ukimkanda kama unga wa chapati utamuumiza taya, na uvimbe utazidi. Na joto usimtie kabisa. Ngozi tu ndiyo isogee. Hata yeye mwenyewe anaweza kujifanyia, akipata nguvu."

Bi Mwanamisi hakupenda kufundishwa na mtoto wa juzi, lakini mikono yake ilipenda kazi. Aliishika ile namna upesi. Walipomrudisha Hamisa nyumbani alimwegemeza kwa mito, asubuhi na jioni akamfanyia bila kuchoka, akimsimulia habari za Pemba ambako yeye mwenyewe hajawahi kufika. Na maji yalikwenda. Hamisa aliyasikia yakienda: shavu linalegea, koo linafunguka, masikio yanazibuka. Jicho la kushoto likafunguka, kisha la kulia. Mara nyingine alilala chini ya mikono hiyo, na alipoamka aliona haya kwamba kuna kitu cha nyumba hii kinachompa raha.

Hamidi alipita na kuchungulia. Alimsifu mama yake. Alimnunulia mkewe kanga mpya, akaikunjua mbele ya majirani, na Hamisa akashukuru kwa kichwa kwa sababu majirani walikuwa wakitazama. Usiku ule hakulala kwa kujichukia kwa kile kichwa alichokiinamisha.

Naishorua alikuja mara moja, kupitia uani. Alikuwa amekonda, mgongo una alama ya kamba ya mtungi, maana sasa maji aliyabeba yeye. Alichuchumaa mlangoni asithubutu kuingia.

"Mama Pandu," akasema, "nimekuja kuomba. Punda yangu imekosa. Lakini mtamba hakuna. Iliyobaki ni moja, na ni ya watoto. Mwambie baba apunguze."

Hamisa alifungua midomo. Kilichotoka ni mate na mluzi. Naishorua akadhani anafukuzwa, akainuka, akaomba msamaha tena kwa jambo ambalo yeye wala mnyama wake hawakulifanya, akaondoka. Shauri lilikuwa limepangwa kukatwa siku ya mnada, watu wakiwa wengi. Kuanzia hapo Hamisa alikuwa na haja moja tu duniani: midomo yake ikutane kabla ya siku hiyo.

* * *

Ilikutana asubuhi moja, Bi Mwanamisi akiwa anamshusha shavu. Hamisa aliibana, akaihisi midomo miwili ikigusana kama zamani. Akasukuma pumzi nyuma ya waya.

"Si punda," akasema.

Sauti ilikuwa nyembamba, lakini yalikuwa maneno. Bi Mwanamisi alifurahi, akamshukuru Mungu, akaendelea kupangusa. Ndipo maana ikamfikia. Vidole vikasimama.

"Nani, basi?"

"Baba Pandu."

Watu wote wa Karatu wangeweza kulisikia vibaya jina hilo, isipokuwa mtu mmoja. Pandu alikuwa marehemu mumewe. Bi Mwanamisi aliondoa mikono, akaifuta kwenye kanga ingawa haikuwa na kitu. Kisha akavuta mdomo wake kwa kidole, akamwonyesha mkwewe pengo lililoko upande wa kushoto.

"Hili alinitoa mzee Pandu," akasema. "Niliwaambia watu nimeuma mfupa wa mbuzi. Nikalea wanangu, nikazeeka, naheshimiwa. Punda keshakubali, mwanangu. Mwachie punda."

"Naishorua je?"

"Naishorua ana ndugu zake. Wewe una mtoto, na mtoto anakula duka hili. Ukimwaibisha baba yake barazani, nani atakuja kununua hata kiberiti?"

Hamisa alimtazama. Alitaka kumchukia, na alimchukia, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba mama huyu alikuwa akimpa kitu cha thamani kabisa alichonacho, siri yake ya miaka yote, na alikuwa akimpa kama mtu anayekupa kamba ya kujinyongea. Akatikisa kichwa. Bi Mwanamisi akatoka bila kumaliza upande wa pili.

Kesho yake alirudi na sufuria inayofuka mvuke. Akaiweka chini, akachovya taulo, akalikamua.

"Ule mkono wa kizungu umefika mwisho wake," akasema, hamtazami usoni. "Leo nitakukanda kikwetu."

Hamisa alimshika kifundo cha mkono, lakini alikuwa mgonjwa wa uji na maziwa, na yule alikuwa mwanamke aliyewakanda wazazi miaka thelathini. Taulo la moto likamgandama shavuni. Kisha vikaja vile vidole gumba viwili, vigumu, vikishindilia kutoka kidevuni kwenda juu, njia iliyo kinyume, juu ya mfupa ambao haujashika. Hamisa alipiga kelele nyuma ya meno. Bi Mwanamisi alikuwa akilia naye, machozi yanamdondoka puani, na alikanda vilevile. Wala asije mtu akasema hakujua alichokuwa akifanya. Alijua mwili wa mtu kuliko yeyote mjini, na aliyasikia maji yakirudi chini ya vidole vyake.

Jioni uso ulikuwa umefura tena. Midomo ikaachana. Hamidi alichungulia, akaguna kwa huzuni ya kuonwa na watu, akasema mama apumzike sasa, amejitahidi.

* * *

Mtu akikasirika sana hufanya mambo kwa papara. Hamisa ilimbidi akasirike polepole. Alisukuma sanduku la nguo nyuma ya mlango. Akaketi wima, akalaza vidole vyake juu ya mtulinga, akaisogeza ngozi, akaiachia. Mkono ulitaka kukaza, maana kila kitu ndani yake kilikuwa kimekaza, na kila ulipokaza maumivu yalimkumbusha. Alijilazimisha kuwa mwepesi juu ya uso wake huku moyoni akivunja kila chombo cha nyumba ile. Shingo kwanza. Nyuma ya sikio. Kisha shavu, taratibu, kushuka. Bi Mwanamisi alibisha na sufuria yake, akabisha tena, akaketi nje ya mlango. Mtoto Pandu alicheza hapo mlangoni na vifuniko vya chupa, akiwaita wote wawili bila kujibiwa.

Siku ya mnada ilipofika uso haukuwa mzuri, lakini ulikuwa wake.

Hamidi hakutaka aende. Alisema mgonjwa hatoki, vumbi litamwingia kidondani. Hamisa alivaa kanga mpya ile aliyonunuliwa mbele ya majirani, akapita mbele ya majirani hao hao, na mume hakuweza kumvuta mkono barabarani mkewe aliyeumizwa na punda. Alimfuata nyuma akitabasamu kwa watu. Bi Mwanamisi alimbeba Pandu akaja nyuma yao.

Baraza lilijaa hadi nje. Jumbe Margwe aliketi mezani, karani wake pembeni, wazee wa mji kwenye benchi, na mbele yao Mzee Jumanne, mkubwa wa wenye maduka. Naishorua alisimama peke yake. Punda alikuwa amefungwa kwenye nguzo, mbavu zinahesabika, anatafuna kamba yake. Hamidi alieleza teke kwa ufasaha kiasi kwamba watu walimtazama punda kwa hofu. Naishorua alipoulizwa alisema tu kwamba hana mtamba wa kutoa.

"Na huyu ndiye aliyepigwa?" Jumbe akauliza. "Anaweza kusema?"

"Hawezi, Jumbe," Hamidi akasema. "Amefungwa waya."

Hamisa akasimama. "Naweza."

Jumbe akamwambia aseme basi, ni nani aliyemvunja. Na Hamisa, pamoja na hasira yake yote, pamoja na siku zote za kuukusanya mdomo, alisema vile alivyolelewa kusema.

"Baba Pandu."

Karani akainua kichwa. "Anasema punda."

Kicheko kikapita benchi zima, kicheko cha watu waliofurahi kwamba jambo limekwisha upesi wakanunue ng'ombe wao. Hamidi akafumba macho kidogo. Mtu mmoja nyuma akasema si amesema mwenyewe, mwingine akauliza mtamba ataletwa lini, na Naishorua akaanza kulia bila sauti, akijifuta kwa shuka lake jekundu. Hamisa aliwatazama. Alimwona Bi Mwanamisi, aliyesikia jina sawasawa, akimkumbatia mtoto na kuangalia miguu yake. Akajua kwamba heshima yake yote, ile aliyofundishwa na mama yake na kuishika bila kosa, ndiyo iliyomweka hapa, na kwamba wangeisikia kuwa punda mpaka kiama.

"Hamidi," akasema.

Hakuna aliyecheka. Alilirudia, akaibana midomo vizuri katikati ya neno ili lisikosewe. "Hamidi alinipiga. Kwa jiwe la mizani. Kwa sababu nilimpa huyu mama unga. Punda hakunigusa."

Kisha Hamidi akawageukia wazee, mikono amefungua, uso umejaa uchungu wa kweli.

"Mmesikia?" akasema. "Mbele za watu. Ananitaja jina."

Na wazee wakaguna. Waliguna kwelikweli, wakatikisa vichwa. Mzee Jumanne akapiga fimbo yake chini. Kwa jiwe la mizani hawakuwa wameguna.

"Nimeuliza habari ya kupiga," Jumbe Margwe akasema. "Ulimpiga?"

"Jumbe, mambo ya nyumbani kwangu ni ya nyumbani kwangu."

Jumbe hakuwa mjinga. Akamwambia karani mtamba asidaiwe tena, mama afunguliwe punda wake aende. Naishorua hakungoja kufunguliwa. Aliikata kamba kwa kisu, akamshika mnyama shingoni, na alipopita alisimama mbele ya Hamisa, akamwekea kiganja begani kidogo, akaondoka na punda wake kuelekea Lodoare, njia ya Ngorongoro, kabla watu hawajabadili mawazo.

"Lililobaki ni la mume na mke," Jumbe akasema, akianza kukusanya vitu vyake. "Mkalimalize nyumbani."

"Halijamalizwa," Mzee Jumanne akasema. "Hamidi amekosea, sawa, atasemwa na wazee wenzake. Lakini mwanamke kumtaja mumewe barazani, hatuwezi kuondoka tukaliacha. Binti yangu, mwombe mumeo radhi hapa hapa, neno moja tu, umfuate nyumbani kwa amani."

Benchi zima likakubali kwamba hilo ni jambo jema. Hamidi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, tayari kusamehe. Bi Mwanamisi akamsogelea mkwewe, akamnong'oneza aseme tu, mwanangu, yaishe, ni neno dogo. Wote wakamgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu avunjwe taya kila mtu alikuwa na hamu ya kumsikia akisema.

Hamisa alimchukua mwanawe mikononi mwa bibi yake, akamweka kiunoni. Mzee Jumanne aliinama mbele, kiganja nyuma ya sikio, ili asikose neno.

"Tunakusikiliza," akasema.

Hamisa akaifumba midomo yake.